Mimi Ni Wifi wa Muuaji

Nianze na langu, maana nisiposema mwenyewe hakuna wa kunisemea: mimi si mtandao. Mimi ni mtu mzima, fundi cherehani, nina kibanda changu, wateja wangu na mdomo wangu, na nina kaka mmoja aliyeoa mwanamke mmoja. Mwanamke huyo ananiita wifi, nami namwita wifi, kama wanavyoitana mke wa mtu na dada wa mtu tangu watu waanze kuoana. Hilo ndilo neno ambalo msomi mzima, mwenye miwani na ofisi, alilitazama akaona mnara.

Huyo wifi yangu nyumbani tunamwita Kimya. Unaweza kukaa naye mkamaliza birika zima la chai, akaaga akaenda zake, ndipo ukagundua ulikuwa unaongea peke yako. Kaka alipomleta kututambulisha, nilimnong'oneza mama kwamba mwanao kaoa kabati. Mama akanifinya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilisubiri huo mshindo mpaka nikachoka, nikaendelea na maongezi yangu.

Kazi yake ni ulinzi. Anasimama mlangoni pa jengo refu la maofisi, lile lenye vioo ambavyo havifunguki. Wanaume wanapita kulia, wanapekuliwa na mwenzake mwenye kitambi. Wanawake wanapita kushoto, wanapekuliwa na yeye. Ana kofia, kirungu, na sare ambayo nimeipunguza kiunoni kwa mkono wangu na bado inaonekana ameazima. Ana pia kile kifaa cheusi cha kupitisha mwilini, kinachotakiwa kulia kikikuta chuma. Betri yake ilikufa zamani, kampuni ikasema italeta nyingine, na hadi leo inaleta. Kwa hiyo yeye anakipitisha kikiwa maiti, polepole, kwa heshima zote, kama mtu anayepiga pasi hewa. Hakuna aliyewahi kuuliza mbona hakilii.

Kwenye mabegi ya watu ameona mengi. Ameona kiatu kimoja cha mwanamume, jino la mtoto limefungwa kwenye karatasi laini, nyundo, na wigi lingine chini ya wigi. Yeye ameona yote hayo, ila hakuna aliyemwona yeye. Wanampa begi macho yao yakiwa kwenye simu, wanalichukua macho yao yakiwa kwenye simu. Kuna mama mmoja alimpa begi kila asubuhi kwa miaka, siku moja wakakutana sokoni, wifi yangu akamsalimia kwa furaha. Yule mama akakumbatia pochi yake na kuvuka upande wa pili.

Aliponisimulia hilo nilitukana kwa niaba yake, kwa sababu yeye hatukani. Alichofanya ni kuanza kuandika kitabu.

Aliandika kwenye simu, saa ya chakula, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Ni riwaya ya vijana, inaitwa *Pini*, na Pini ndilo jina la siri la muuaji. Mchana Pini ni mlinzi wa getini. Kwa kweli ni jasusi, mwenye nguvu moja tu ya ajabu. Akivaa sare, hakuna binadamu anayeweza kuukumbuka uso wake. Majambazi wakubwa wakubwa, wauza dawa bandia za hospitali, mabwana wa vita, wanamjia wenyewe na kumkabidhi mabegi. Anawagusa kidogo kwa pini yenye sumu. Wanapanda lifti wakipiga soga, wanashuka kwa machela, na polisi wakihoji mashahidi, kila shahidi anaeleza sare ilivyokuwa.

Nilicheka sana. Halafu nikaacha kucheka nikazitazama pini zangu, kwa sababu kitabuni humo anayezitengeneza ni wifi yake Pini, fundi cherehani. Huyo wifi anamsikia Pini kwa kidude cha sikioni na anaongea naye kazini. Mwenzake amening'inia darini, chini kuna wanaume na bunduki, yeye anamuuliza kama amekula. Anamlaumu, anamwelekeza njia, anamkumbusha kitu alichomfanyia mwaka jana. Nikamwambia, huyo mwanamke wako anaongea mno.

"Nimempunguza," akasema Kimya.

Sasa nikueleze kwa nini kitabu hiki hakikuwa mchezo. Kaka yangu na Kimya wana binti mmoja, yuko sekondari, umri ule ambao mzazi hata akipumua ni aibu. Shule yake iko mtaa wa nyuma wa lile jengo. Njia fupi ya kurudi nyumbani inapita mbele ya mlango wa mama yake. Akiwa na wenzake, mtoto alikuwa anazunguka nyuma kwenye mapipa ya taka, ili wasimwone mama na kirungu. Walipomuuliza mama yako anafanya kazi gani, akasema ofisini. Si uongo sana, mlango nao ni wa ofisi. Lakini Kimya mlangoni anaiona kona yote, na sketi ile ikigeuka ghafla kuelekea mapipani anaijua, kwa sababu nimeishona mimi.

Alipofika sura ya tatu akampa mtoto asome. Mtoto akasoma akiwa anakula, akasoma akiwa anaosha vyombo, akavunja kikombe. Akawa anamngoja mama yake arudi kazini amuulize Pini yuko wapi. Halafu siku moja, kwa kiherehere alichokirithi kwangu, akaenda darasani akatangaza yote: kuna kitabu kinakuja, muuaji ni mwanamke, ni mlinzi wa getini, na aliyekiandika ni mama yangu, mlinzi wa getini. Darasa likacheka mpaka mwalimu akaingia. Msichana mmoja akamwambia, siku kikitoka kiweke hapa mezani tukione.

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Kitabu kisipotoka, au kikitoka vingine, mtoto wetu ni mwongo mbele ya darasa zima, na mama yake ni mpekua mabegi na si zaidi.

Mchapishaji ambaye Kimya alimpelekea kazi yake ana ofisi ghorofa ya nne, jengo hilohilo. Alimpita kila asubuhi. Yule wa kitambi alikuwa anampigia saluti na kumpitisha bila kumpekua, kwa sababu ya miwani. Kimya akatuma hati kwa barua pepe, chini akaweka herufi za kwanza za majina yake, basi. Mchapishaji akajibu kwa bashasha. Akamwita ndugu mwandishi, akasema mhusika huyu ni hatari, jamaa ana damu baridi, akaomba wakutane ofisini.

Siku ya miadi alishuka chini mwenyewe kumpokea mgeni wake. Akasimama mlangoni, akatazama barabara, akamwambia wifi yangu bila kumwangalia, "Mwandishi wangu akifika, mwambie apande moja kwa moja."

"Ameshafika," akasema Kimya.

"Basi mwambie apande."

Kimya akamkabidhi mwenzake kirungu, akaingia lifti moja na mchapishaji. Humo ndani mchapishaji akamuuliza anakwenda ghorofa ya ngapi. Akamwacha amfuate mpaka ofisini akidhani analeta ujumbe, akakaa kwenye kiti chake, akamwona naye anakaa. Wakatazamana. Kimya anasema ilimchukua mchapishaji muda, na kwamba uso wake ulibadilika kidogo kidogo kama maji yanayokaribia kuchemka. Alipoelewa aliomba radhi kwa mambo mengi ambayo hakuyataja.

Halafu akatoa jalada, maana mchoraji alishamaliza. Lilikuwa na mwanamume. Mwanamume mwenye ndevu, miwani myeusi na koti refu la kufika magotini, koti ambalo kwa joto letu lingemuua kabla hajaua mtu. Juu ya kichwa chake kulikuwa na vile vimistari vitatu vilivyopinda, vidogo kwa vikubwa, vile unavyoviangalia kwenye simu kujua kama mtandao umeshika.

Kimya akauliza vile ni nini.

Mchapishaji akakaa sawa. Akamweleza kwamba hapo ndipo kitabu kilipomkamata. Majasusi wengine wana magari na saa zenye bomu, lakini huyu ana waifai. Waifai yenye akili, inayofikiri, inayomwongoza, inayomlaumu, hata kumuuliza kama amekula! Mwanzoni alipoona imeandikwa "wifi akasema" alidhani mwandishi amekosea upatanisho, alitaka kuandika "ikasema". Kisha akagundua ni makusudi: mashine imepewa roho. Alikuwa hajawahi kuona ubunifu wa namna hiyo.

Mimi niliposimuliwa hayo nilishika kingo za cherehani. Mtu ana dada, ana mke, na hao wawili wanaitana wifi ndani ya nyumba yake, mbele ya sahani yake, miaka nenda miaka rudi. Lakini kwa kuwa neno si lake, kwa kuwa halijawahi kumwita yeye, limempita sikioni kama upepo. Mimi huyu, niliyezaa kwa uchungu, ninayeumwa mgongo, nimegeuzwa mawimbi.

Kimya hakumsahihisha. Alimwambia jambo moja tu, kwamba Pini ni mwanamke. Mchapishaji akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akauliza imeandikwa wapi. Na ni kweli, ilikuwa ukurasa wa mwisho, pale Pini anapovua kofia na mtoto wake anamwita mama. Kabla ya hapo lugha yetu haisemi huyu wa kike wala wa kiume, inasema "a" basi, unajaza mwenyewe. Kimya alikuwa amepanga hivyo. Aliniambia wanawake watajua ukurasa wa kwanza kwa sababu ya wifi, na wanaume watajua wa mwisho.

Mchapishaji alikuwa hajafika wa mwisho. Akamweleza kwa upole, ule upole wa daktari wa meno, kwamba wavulana hawanunui kitabu cha mwanamke muuaji, na wasichana wanasoma chochote wanachopewa. Isitoshe hakuna cha kubadilisha. Kiswahili kimetubeba, akasema, yeye ni yeye. Kata tu ule ukurasa wa mwisho, ndevu zinakaa. Jina la mwandishi libaki herufi tu, asijitokeze, kwa sababu kitabu cha kijasusi kinapendeza kikiwa na siri.

"Nitakata," akasema Kimya. "Ila wifi abaki."

"Ibaki," akamsahihisha. "Waifai ibaki."

"Abaki."

Mchapishaji akafurahi, akasema sawa, abaki, akaahidi kwamba neno hilo halitaguswa hata herufi moja, kwa sababu ndilo litakalouza.

Jioni hiyo kibandani kwangu niliongea mpaka sauti ikakwaruza. Nilisema kwa nini hukumtupia hilo jalada usoni, kwa nini hukuniita, ningepanda na mkasi. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mabaki ya vitambaa, ameikumbatia miguu yake. Akauliza kwa sauti ndogo kama jalada limeshachapishwa. Mama yake akasema bado, lakini litachapishwa. Mtoto akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha kujizuia, kile kinachouma zaidi kukisikiliza. Akasema bora kitabu kisitoke kabisa. Nami nikasema mtoto ana haki. Niliumia kuliko nilivyotegemea, na sikuumia kwa ajili yangu.

Kimya akamvuta akampangusa uso kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Subiri kwanza watu wasome," akasema.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa chini wa jengo lilelile. Walialikwa wanafunzi kutoka shule za jirani, ya binti yetu ikiwemo, na wazazi na watu wa maofisini. Kitambaa kikubwa kimetundikwa mbele, yule bwana wa ndevu na koti lake, urefu wa mlango, mawimbi juu ya kichwa. Na mwandishi wa kitabu alikuwa wapi? Alikuwa mlangoni, zamu yake, anapekua mabegi ya wageni waliokuja kwenye sherehe yake. Mwalimu wa lugha alimpa begi, mwandishi wa habari alimpa begi, mke wa mchapishaji alimpa begi. Kile kifaa maiti kikawapitia wote, na hakuna aliyemtazama. Mimi pia alinipekua. Mkasi nilioubeba kwa nia ambayo naijua mwenyewe, aliutoa akauweka kando, akaniambia nitauchukua nikitoka.

Kila mtoto alipewa kitabu. Binti yetu alikaa kati ya wenzake, na yule msichana aliyetaka kitabu kiwekwe mezani alikuwa ameshaanza kumpiga kiwiko ubavuni, akigonga zile ndevu za jaladani kwa kucha. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitamani kumbeba kama alipokuwa mdogo.

Mchapishaji akapanda jukwaani akasema atasoma mwenyewe kipande anachokipenda kuliko vyote, kile kinachoonyesha teknolojia ya kesho. Akakohoa. Akasoma kwa sauti nzito ya redioni.

"Pini aliganda darini. Ndipo Waifai akamwambia sikioni: Wewe, umekula?"

Wanafunzi walikuwa wamefungua ukurasa uleule. Macho yao yalikuwa kwenye neno, masikio yao kwake. Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, kidogo, cha msichana, halafu kingine. Mchapishaji akadhani wamependa. Akaongeza mbwembwe.

"Pini akajibu kwamba hana muda. Waifai akakasirika, akasema: Sikiliza, kaka yangu alikuoa ukiwa mzima. Ukijifia kwenye hiyo dari, mimi nitamwambia nini kaka yangu?"

Hayo maneno ni yangu. Nilimwambia Kimya siku alipopanda juu ya bati kuziba tundu. Nilijisikia fahari mpaka kooni.

Ukumbi ulipasuka. Bibi mmoja mstari wa mbele, mwenye mkongojo, alimngoja mchapishaji apate pumzi kisha akamwambia kwa huruma, "Ni wifi, mwanangu. Dada wa mume."

Mchapishaji akautazama ukurasa. Akafungua mwingine, akaona wifi. Akafungua mwingine, wifi. Kitabu kizima kilikuwa kinamtazama. Kisha akageuka nyuma taratibu, akamwangalia bwana wa ndevu, mke wa kaka yangu, ametundikwa ukutani na koti lake. Mke wa mchapishaji alikuwa amefunika uso kwa kitabu na mabega yanatikisika. Mvulana mmoja akanyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa, huyu mzee ameolewa na nani.

Ndipo nikamwona binti yetu amesimama. Sikumwambia mimi, nakuapia.

"Pini ni mwanamke," akasema. "Ni mlinzi wa getini. Ameandikwa na mama yangu, na mama yangu ni yule pale."

Akanyoosha kidole mlangoni. Vichwa vyote vikageuka. Na nikaona jambo likipita usoni kwa watu, mmoja baada ya mwingine, watu wazima kwa watoto: kila mmoja wao asubuhi ileile alikuwa amempa begi lake mkononi, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kueleza uso wake. Mwandishi wa habari alilitazama begi lake kama lilikuwa na la kusema. Kimya alikuwa amesimama na kofia yake na kile kifaa. Hakupunga mkono wala hakutabasamu. Alimtazama mtoto wake tu, basi.

Mchapishaji hakukosa cha kusema, wale hawakosi. Kufika Jumatatu alikuwa anawaambia watu kwamba ulikuwa mpango wake tangu mwanzo, na kwamba kizazi hiki kinataka wanawake hatari. Kitabu kilikwisha madukani. Akatoa chapa ya pili na kuurudisha ule ukurasa wa mwisho, na jina la mwandishi likaandikwa zima. Jalada, kwa kubana matumizi, ni mtu yuleyule: wamemfuta ndevu, wakamtia hereni. Ukilisogeza kwenye mwanga kidevu bado kina kivuli. Na yale mawimbi matatu hawakuyaondoa. Niko pale juu, nimepinda, natoa mtandao, na kaka yangu anasema wamenipatia sura kabisa.

Kimya bado yuko mlangoni, maana kitabu kimoja hakimwachishi mtu kazi. Mchapishaji siku hizi anamsalimia kwa jina na kumwambia anangoja kitabu cha pili. Yeye anamwambia apite kulia, na yule wa kitambi sasa anampekua, miwani na yote.

Ila juzi nilikuwa nimempelekea sare mpya, nimesimama naye pale, shule ikatoka. Nikaiona ile sketi kwenye kona, na nyuma yake kundi zima la wanafunzi. Nikaitazama njia ya mapipani. Hawakuifuata. Walikuja moja kwa moja mpaka mlangoni, wakajipanga upande wa kushoto na mabegi yao ya shule yamefunguliwa, wanataka kupekuliwa na Pini. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa binti yetu, na yule msichana wa mezani nyuma yake. Kimya akakiinua kile kifaa kilichokufa, akakipitisha begani kwa mwanawe, kushoto na kulia, polepole, kwa heshima zote. Kisha akamwambia apite.